Mguu wa Breki na Kopo la Pini

Tulifika salama. Naanza na hilo kwa sababu nina dada ambaye hawezi kusikiliza habari ya safari mpaka aambiwe kwanza nani kafa, na jibu ni hakuna. Tuliondoka watatu, tukashuka watatu, na mizigo yote ikashuka, hata lile gauni la kijani ambalo pindo lake lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kumalizika.

Sasa nieleze vizuri.

Mwanangu ni muuguzi katika wodi ya watoto wachanga. Kwa miaka minne hakuwa amechukua likizo. Ukimwuliza anakuuliza na yeye, wodi itabaki na nani. Ni mwanamke imara, lakini ana ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake. Hawezi kuwa abiria. Akikaa ndani ya gari, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kila dereva anapokaribia kona, kila mbuzi anapoonekana kwa mbali, hata gari likiwa limesimama. Zulia la gari la shemeji yake ameshalitoboa. Nyumbani tunamwita Mama Breki, naye anajua, na wala hanuni.

Mama Breki huyo ndiye aliyemzaa rubani. Mungu naye ana utani wake.

Mjukuu wangu anarusha ndege ndogo ya injini moja na viti vinne. Ndege si yake, ni ya daktari wa meno mmoja ambaye anaipenda kwa macho tu, maana akipanda anatapika kabla haijaacha ardhi. Wamekubaliana kwamba binti huyu awasafirishe wauguzi na vifaa vya daktari kwenda kliniki za mbali, na mara moja kwa mwezi, Jumamosi na Jumapili, ndege inakuwa mikononi mwake. Mimi alishanibeba mara mbili. Alishambeba mjomba wake, jirani yetu fundi bomba, hata shangazi ambaye haachi kulalamika. Mama yake tu ndiye aliyebaki. Kila ikipangwa, mama ana zamu, mama ana mafua, mama ameahidi kumshikia mwenzake kazi.

Binti hakuwahi kulalamika. Lakini jioni moja alikuja pale ninaposhonea, akakaa kwenye kiti cha wateja, akachezea vifungo ndani ya bakuli kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Kisha akasema, "Bibi, nimebeba wagonjwa, nimebeba wakubwa, nimebeba mbuzi aliyefungwa miguu. Mama yangu hajawahi kuniona nikiwa kazini."

Aliyasema bila machozi, na ndiyo maana yaliniingia.

Nikaanza kumfanyia kazi mwanangu taratibu, kama unavyofumua mshono bila kuchana kitambaa. Sikumwambia twende kupanda ndege. Nilimwambia kuna nyumba ndogo za kupumzikia kando ya ziwa, kwamba kwa gari ni kutwa nzima lakini kwa ndege ni saa moja na nusu, kwamba nitamshonea gauni jipya la kuvalia chakula cha jioni, na kwamba nimeshazeeka. Hilo la mwisho huwa silitumii ovyo. Akakubali, ila aliweka sharti lake mezani mbele yetu sote. Atapanda mara moja. Likitokea jambo, hata dogo, tusimtajie tena ndege mpaka siku tutakapomzika. Binti akasema sawa, Mama.

Jumamosi asubuhi tulikuwa uwanjani jua likiwa bado jipya. Binti aliizunguka ndege akiigusa hapa na pale, akainama chini ya bawa, akatikisa mkia, akachota mafuta kidogo kwenye kichupa akayatazama dhidi ya mwanga. Nilitamani mama yake aone, kwa maana alikuwa akiipima ile ndege kama yeye anavyompima mtoto aliyezaliwa usiku. Lakini mama yake alikuwa ndani tayari, amejifunga mkanda, anaukaza, anaulegeza, anaukaza tena.

Alikaa nyuma, na kulikuwa na sababu. Kwenye ile ndege abiria wa mbele naye ana usukani wake na kanyagio zake, na kanyagio hizo ni za kweli, zina breki za kweli. Mjukuu alimweleza mama yake kwa adabu kubwa kwamba mbele atakaa Bibi. Mwanangu akasema hakuwa na mpango wa kuona mbele hata kidogo.

Basi nikakaa mimi. Tulivaa yale masikio makubwa yenye kipaza sauti mdomoni, tukapewa maelekezo: mkanda hivi, mlango hivi, miguu isiguse kanyagio, mkono usiguse kitu chochote chenye namba. Nikajibu nimeelewa, mke mwenzangu. Ndivyo tunavyotaniana tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Tuliruka bila shida. Nyuma yangu nilisikia mguu ukikanyaga sakafu, du, du, du, mpaka tulipopita mawingu madogo yaliyotawanyika kama pamba iliyochambuliwa. Kisha ukanyamaza. Nilipogeuka mwanangu alikuwa amefumba macho na mikono ameikunja mapajani.

Mbele yetu kulikuwa na saa nyingi za vipimo, lakini binti alikuwa ameshanionyesha mbili za muhimu. Ya kwanza ni dira, kibakuli kidogo cha kioo kilichoning'inizwa karibu na kioo cha mbele, ndani yake kuna kimiminika na duara lenye namba linaloelea. Hiyo ndiyo inayojua kaskazini ni wapi. Ya pili iko chini yake, inaonyesha upande ndege inakoelekea kwa utulivu zaidi, lakini imezeeka na hupotea kidogo kidogo. Kwa hiyo kila baada ya robo saa binti hutazama dira, kisha husokota kitufe cha ile ya pili ili zipatane. Nilipenda kazi hiyo. Hata mimi cherehani yangu ina mkanda unaolegea, na siku nzima nakuwa naukumbusha wajibu wake. Zaidi ya hizo alikuwa na ile simu yake pana kama sinia dogo, ameibana mbele yake, inaonyesha ramani na kindege kinachotembea juu yake.

Nilipoona kila kitu kimetulia, nikakumbuka pindo.

Nilimwomba mwanangu anipitishie mfuko wangu. Akanipa bila kufumbua macho yote mawili. Nikatoa gauni, nikatoa sindano yenye uzi, nikatoa na kopo langu la pini. Kopo hilo lina miaka thelathini na nane. Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio, na siku moja aliniona nimepiga magoti natafuta pini sakafuni, mtoto anatambaa karibu. Kesho yake akaniletea sumaku ya duara aliyoing'oa kwenye spika kubwa iliyoharibika, akaigandisha ndani ya kopo la bati. Tangu siku hiyo pini zangu hazimwagiki. Ukipindua kopo zinabaki zimeng'ang'ania, na zikianguka unapitisha kopo juu ya sakafu zinaruka zenyewe kurudi nyumbani. Mafundi cherehani wengi wanaziweka pini mdomoni. Mimi sijawahi kumeza hata moja.

Sasa mapajani palikuwa na gauni, pembeni pana mlango. Nikaliweka kopo mbele, pale juu ya zile saa, chini ya kioo, karibu na dira. Lina rangi nyeusi na pale ni peusi, likakaa kama lilizaliwa hapo. Binti alilitazama nadhani, lakini hakuliona. Amekua nalo. Kitu ulichokua nacho ni kama pua yako, kipo usoni lakini hukioni.

Nikashona. Mwanga ulikuwa mzuri mno. Mimi hushona mwanga ukinijia kwa nyuma, bega la kushoto, ili mkono wa kulia usijitie kivuli, na jua la asubuhi lilikuwa limejipanga hapohapo kana kwamba nimeliagiza. Mtoto wa watu akawa anarekebisha saa zake, mimi napinda pindo langu, na nyuma mama yake nadhani alipata hata usingizi wa dakika tatu.

Kwanza ilizimika ile simu pana. Ilikuwa imepigwa na jua, ikaandika kwamba imepata joto sana, ikawa nyeusi. Binti akaitoa, akaiweka chini kivulini, akasema itarudi ikipoa. Hakushtuka. Alikuwa na ramani ya karatasi kwenye goti, na alama tatu alizozichora kwa kalamu nyekundu: mto wenye daraja la chuma, kisha vilima viwili vinavyofanana, kisha ziwa.

Mto ulitakiwa uonekane baada ya dakika kumi. Zikapita kumi, zikapita kumi na tano. Chini kulikuwa na nyasi kavu na barabara moja ya vumbi isiyokuwa na gari. Binti akatazama ramani, akatazama chini, akatazama saa ya mkononi. Akaita kwenye redio, akapata mkwaruzo tu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma orodha ya vitu vya sokoni, kwamba kwa sasa hajui hasa tulipo, kwamba mafuta yanatosha kwenda na kurudi na kubaki, kwamba atazunguka juu ya ile barabara mpaka ajue, na asipojua kwa dakika kumi atarudi tulikotoka.

Nilimsikiliza, nikangoja ule mguu wa nyuma. Haukukanyaga. Nilipogeuka mwanangu alikuwa amefumbua macho, anautazama mgongo wa binti yake.

Kurudi tulikotoka. Mimi ni mtu wa darasa la saba, lakini niliuliza moyoni, tutarudi kwa dira ipi, kama ni hiihii iliyotuleta kusikojulikana. Na nilijua jambo la pili, kwamba tukirudi, hata kama ni salama, mtoto huyu hatampata tena mama yake ndani ya ndege.

Ndege ikaanza kuzunguka. Nilishusha macho kwenye mshono ili nisimsumbue, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kilikuwa kinanikera kwa muda bila mimi kukijua. Nyuzi zangu za mwisho, kama ishirini hivi, zilikuwa zimekwenda upande. Si kawaida yangu. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimezishona gizani, kivulini mwa mkono wangu mwenyewe. Jua lilikuwa limehama kutoka bega la kushoto na kuja bega la kulia kabla hatujaanza kuzunguka, wakati binti anaamini tunakwenda mstari mmoja. Jua halina sababu ya kufanya hivyo kwa nusu saa. Kama si jua, ni sisi.

Nikainua macho kwenye dira. Ndege ilikuwa inazunguka, barabara inazunguka chini yetu, bawa limelala, lakini lile duara ndani ya kibakuli lilikuwa linasogea kidogo tu kisha linarudi, kama mtu aliyesusa, uso ameuelekeza palepale. Na palepale palikuwa na kopo langu.

Darasa la nne tulikuwa na mwalimu mmoja mrefu aliyevaa suruali fupi kuliko miguu yake. Siku moja alileta beseni la maji. Akachukua sindano ya kushonea, akaisugua kwenye sumaku, akailaza juu ya jani, jani likaelea na sindano ikageuka yenyewe mpaka ikaelekea kaskazini. Akatuita mmoja mmoja tuigeuze kwa kidole, na kila mara ilirudi. Kisha akasogeza sumaku ukingoni mwa beseni. Sindano ikaiacha kaskazini ikamfuata yeye. Akasema mpiga kelele wa karibu humshinda mkweli wa mbali, tukaandika kwenye madaftari, na mimi sikulihitaji somo hilo kwa miaka hamsini na sita.

Sitaficha kilichonijia. Niliona ningeweza kulichukua kopo taratibu, nilirudishe mfukoni, ninyamaze. Dira ingejirekebisha na mimi ningebaki Bibi mwenye busara zake. Lakini binti angebaki na dira inayomwambia hivi sasa hivi na baadaye vile, asijue aamini ipi, na mama yake angeamini maisha yote kwamba mtoto alipotea njia.

"Mke mwenzangu," nikasema, "kopo langu la pini lina sumaku. Liko chini ya dira tangu nilipoanza kushona. Ni mimi niliyekupoteza."

Aligeuka akalitazama kopo kama anayeliona kwa mara ya kwanza. Hakunigombeza, wala hakucheka. Aliniambia nilichukue polepole nimpe Mama, na Mama aliweke mwisho kabisa, kwenye mizigo ya mkiani. Nikalipitisha nyuma. Mwanangu alilipokea kwa mikono miwili, akajinyoosha, akalisukuma nyuma ya mabegi.

Duara likayumba, likapita, likarudi, likatulia mahali pengine kabisa. Binti akainyoosha ndege ikaacha kuzunguka. Akangoja. Hakuiharakisha ile dira hata kidogo, aliiacha imalize kujifikiria. Kisha akasokota kitufe cha ile saa ya pili, akainama kwenye ramani, akapima kwa vidole, akatuambia tulikuwa tumekwenda kulia zaidi kwa muda gani na sasa tutakwenda kushoto kwa muda gani. Alisema tungeuona mto baada ya dakika kumi na mbili.

Zilikuwa dakika ndefu. Jua likarudi bega langu la kushoto, nami nikajua kwa mapaja yangu, kwa joto lake juu ya kile kitambaa, kwamba tumerudi njiani, lakini nikaogopa kusema maana siku hiyo nilikuwa nimeshatosheka kuwa na maoni.

Mto uliuona mwanangu. Yeye, wa nyuma, aliyesema hataki kuona mbele. Alinyoosha mkono katikati ya vichwa vyetu akaonyesha, na pale mwisho wa kidole chake kulikuwa na uzi unaong'aa, na juu ya uzi kijiti cheusi kidogo. Daraja la chuma. Kifua changu kikalegea kama mtu amefungua kifungo kilichokuwa kinabana tangu asubuhi. Nikatazama mikono ya binti kwenye usukani, nikaona vidole navyo vimelegea, kimoja kimoja. Baada ya hapo vilima viwili vilikuja vyenyewe kama wageni waliokuwa wanangoja kuitwa, na nyuma yake ziwa, pana, limetulia, linatosha kila mtu.

Alitua kwenye nyasi kwa ulaini ambao hata mkate mpya usingelalamika. Injini ikazimwa. Kikaja kimya ambacho sijawahi kukipenda kimya kama hicho, kina ndege wa kweli ndani yake wanaolia mitini.

Binti alivua masikio yake, akageuka kwa mama yake. Alikuwa amejiandaa, nilimwona. Akasema kosa ni lake, si la Bibi, kwa sababu rubani ndiye anayejua kila kitu kilichomo ndani ya ndege, na kopo macho yake yalilipita. Akasema anajua walivyokubaliana.

Mwanangu alikuwa anafungua mkanda wake, na safari hii ulifunguka mara ya kwanza.

"Uliposema hujui tulipo," akamwambia, "nilisikia sauti yangu. Ndivyo ninavyosema mtoto akigoma kupumua. Wodi nzima inanijua kwa sauti hiyo. Sikujua kwamba umeichukua."

Binti akatazama usukani, akaufuta kwa kiganja ingawa haukuwa na vumbi.

"Kopo nilimpa mimi mwenyewe," mwanangu akaongeza. "Kwenye mfuko. Kwa hiyo tuko watatu. Haya, fungua mlango, mama yako anataka kukojoa."

Tukacheka mpaka mwenye zile nyumba, aliyekuja kutupokea na toroli la mizigo, akasimama mbali akidhani tunalia.

Jioni nilimaliza pindo barazani nikiwa na pini chache nilizozichomeka kifuani mwa blauzi. Zile nyuzi ishirini zilizokwenda upande nilikuwa nataka kuzifumua, mwanangu akanikatalia. Akasema ziko kwa ndani, hakuna atakayeziona, na yeye atajua zilipo. Akalivaa gauni lake kwenda kula, akala samaki wawili, akalala saa tatu usiku, akaamka saa tatu asubuhi. Sijamwona akilala hivyo tangu aanze kazi.

Jumapili, wakati wa kurudi, binti alianza tena kuizunguka ndege yake. Mama yake alimfuata nyuma hatua kwa hatua, mikono mgongoni, anauliza hapa unatafuta nini, na hapa je, na hii ikiwa na ufa utaujuaje. Walizunguka mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ya mama kukagua.

Kopo langu lilifungwa ndani ya sanduku, sanduku likafungwa mkiani, nami nikaambiwa nikae nyuma na mikono yangu mitupu kama mtuhumiwa. Nilikaa. Mbele alikaa Mama Breki. Kabla injini haijawashwa alivua viatu, akanipa nimshikie, akaikunja miguu yote miwili juu ya kiti na kuikalia.

Tulipokuwa juu nilichungulia. Mguu wa kulia ulikuwa umelala chini ya gauni la kijani, umetulia, na yeye alikuwa ananyoosha kidole mbele akimwonyesha binti yake daraja.